Wambui Otieno Hakuwa Stori ya Maiti na Harusi Tu

Muulize mtu yeyote wa rika la wazazi wetu kuhusu Wambui Otieno. Atakwambia mambo mawili. La kwanza ni maiti: mwaka 1987 alipambana mahakamani na ukoo wa marehemu mumewe, wakili S.M. Otieno, kuhusu nani amzike na wapi. Akashindwa, mume akazikwa Nyalgunga kule Siaya. La pili ni harusi: mwaka 2003, akiwa na miaka 67, aliolewa na kijana wa miaka ishirini na kitu na nchi nzima ikacheka.

Basi, hapo stori inaisha. Maisha ya miaka 75 yamefupishwa yakawa kesi moja na kichekesho kimoja.

Lakini kabla ya hayo yote, Wambui alikuwa jasusi. Sio jasusi wa sinema mwenye gari na bastola. Alikuwa msichana wa Kikuyu, binti wa afisa wa polisi, aliyekula kiapo cha Mau Mau akiwa na miaka kumi na sita, kisha akaingia Nairobi kufanya kazi ya kukusanya habari. Mwenyewe aliyaandika haya kwenye kitabu chake, Mau Mau's Daughter, kilichotoka 1998. Yaani ushahidi upo, umechapishwa, una jina lake juu. Na bado tunamkumbuka kwa jeneza la mumewe.

Mimi nataka tujiulize kwa nini. Na najua tayari kuna mtu wa Kibokoni au Kuze anasema, "Haya ni mambo ya bara, sisi Wapwani yanatuhusu nini?" Subiri kidogo, nakuja huko.

Kwanza kazi yenyewe. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia hapo kila Mkikuyu, Mwembu na Mmeru alikuwa mtuhumiwa. Aprili 1954 jeshi la Uingereza likaifunga Nairobi yote kwenye ile Operesheni Anvil, watu wakapangwa mistari, na mbele yao wakakaa wasaliti waliofunikwa magunia usoni, wenye matundu ya macho tu. Gunia likitikisa kichwa, umekwenda. Wanaume kwa maelfu wakapakiwa kwenye malori na treni.

Sasa katika mji kama huo, nani anaweza kutembea na habari? Mwanamume kijana hawezi, atasimamishwa kila kona. Lakini yaya aliyembeba mtoto wa mzungu mgongoni anapita. Mama wa mboga anapita. Mfuaji nguo anaingia mpaka chumbani. Memsabu na bwana wanakaa mezani wanazungumzia msako wa kesho, nani amehamishiwa wapi, bunduki imewekwa kabati gani, na wala hawapunguzi sauti, kwa sababu anayepakua supu kwao si mtu wa kusikia. Ni kama kiti tu.

Wambui na wenzake waliielewa hiyo dharau, wakaitumia. Wafanyakazi wa nyumbani ndio waliokuwa masikio ya vita. Dola kubwa kuliko zote duniani ilikuwa na ndege za kivita juu ya msitu wa Aberdare, lakini siri zake zilikuwa zinatoka na maji machafu kupitia mlango wa jikoni.

Msituni nako hivyo hivyo. Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau, alianza kwa kupeleka chakula na habari kabla hajaingia msituni mwenyewe. Alikaa humo mpaka uhuru, 1963. Nywele alizotoka nazo msituni zilikatwa Aprili 2022 tu, na mwaka uliofuata akafariki. Sisi tuliona video ya nywele zikikatwa, tukaisambaza, tukaendelea na mambo yetu.

Ukifika Nairobi, pale Uhuru Park kuna mnara wa Mau Mau uliozinduliwa Septemba 2015. Uangalie vizuri. Kuna mpiganaji na kuna mwanamke anayempa chakula, na hawaangaliani. Kila mmoja amegeuza uso wake upande wa pili. Mchongaji hakukosea. Ndivyo ilivyokuwa: ukipeleka chakula usimwone unayempa, naye asikuone, ili mmoja akikamatwa na kuteswa asiwe na uso wa kuutaja. Hebu fikiria kumlisha mtu kwa miaka bila kumjua. Na fikiria baada ya uhuru, nani atasimama aseme, "Huyu mama ndiye aliyenilisha"? Hakumwona.

Hoja yangu iko hapa. Kile kilichowafanya wanawake hawa kuwa majasusi hodari, yaani kutoonekana, ndicho kilichowafuta kwenye historia. Ulipofika wakati wa kugawa vyeo, mashamba na majina ya barabara, waliotajwa ni waliokuwa na bunduki. Aliyebeba bunduki ana mashahidi. Aliyebeba siri, akifanya kazi yake vizuri, hana shahidi hata mmoja.

Na wasidhani watu kwamba kwa kuwa hakushika bunduki hakuumia. Jane Muthoni Mara alikamatwa akiwa msichana mdogo kwa tuhuma za kuwapelekea Mau Mau chakula. Aliyotendewa kambini ni mateso ya kingono ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alikuwa mmoja wa wazee waliokwenda kuishtaki serikali ya Uingereza London, na kesi yao ndiyo iliyofungua mlango: Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wahasiriwa 5,228. Miaka hamsini baada ya uhuru. Hesabu mwenyewe ni wangapi walikuwa wameshakufa kimya.

Haya, sasa turudi pwani.

Wewe unayesema ni mambo ya bara, soma ramani. Wafungwa wa Hali ya Hatari waliwekwa Mackinnon Road na Manyani, njia hiyo hiyo unayopita na basi kwenda Nairobi. Waliwekwa kisiwani Manda, Lamu. Waliwekwa Hola, ambapo tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa. Fort Jesus yetu, ambayo leo tunapigia picha za harusi, ilikuwa jela tangu 1895 mpaka 1958. Pwani ndiyo iliyokuwa gereza la vita vile.

Hata kwa Wambui pwani iko kwenye ukoo. Babu yake mkuu, Waiyaki wa Hinga, alikamatwa na Waingereza mwaka 1892 akaanza kuletwa huku pwani. Alifia njiani, Kibwezi. Kitukuu wake yeye alifika. Mwaka 1960, Hali ya Hatari ikiwa tayari imeondolewa rasmi, Wambui alipelekwa kizuizini Lamu. Huko, kwa maelezo yake mwenyewe kitabuni, alibakwa na afisa wa Kiingereza. Kwa hivyo ukienda Lamu kwa mashindano ya majahazi na mahamri ya asubuhi, jua kwamba mji ule mzuri pia ulikuwa mahali pa kumvunjia mwanamke roho mbali na watu wake.

Na sisi tulikuwa na wetu kabla ya Mau Mau. Mekatilili wa Menza, Mgiriama, mwaka 1913. Waingereza walitaka kodi na vijana wa kwenda kufanya kazi. Mekatilili alizunguka mji kwa mji akicheza kifudu, ngoma ambayo watu wanaijua ya mazishini. Afisa wa serikali akipita anaona mama mtu mzima anacheza na wenzake. Anayejua anaona mkutano wa siasa. Kisha wakakutana Kaya Fungo, wakala viapo: wanaume cha fisi, wanawake cha mukushekushe. Kiapo cha wanawake peke yao, mnaelewa uzito wake? Ina maana wanawake hawakuwa wapishi wa harakati. Walikuwa na siri yao na nidhamu yao ya kuitunza.

Alikamatwa Oktoba 1913, akapelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 akatoroka, akarudi kwa miguu. Mamia ya kilomita, msitu na nyika, katika nchi ambayo kila kituo kilikuwa kinamtafuta. Hakuna anayetembea hivyo bila watu wa kumficha, kumlisha na kumwonyesha njia. Majina ya hao watu hatunayo. Tena ni hao wasioonekana.

Na kama unataka mfano wenye nguo zetu kabisa, vuka mpaka Unguja, 1859. Sultani Said amefariki miaka mitatu nyuma, Majid anatawala, na mdogo wake Barghash anapanga kumpindua. Mwandishi wa njama hiyo, anayeandika barua za siri, ni dada yao Salme, miaka 15. Wasichana wa jumba la kifalme hawakufundishwa kuandika, wao walisoma tu. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi aliokatazwa ndio uliomfanya ahitajike.

Njama ikagundulika. Nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari. Kisha wakaja dada zake na msafara wa wanawake waliojifunika, wakaingia ndani. Walipotoka walikuwa wameongezeka: Barghash alikuwa katikati yao amefunikwa shela kama mwanamke. Askari wakapisha, kwa sababu mwanamume mstaarabu hamchunguzi mwanamke aliyejisitiri. Akafika shambani Marseille kwa wafuasi wake.

Kweli, huo ulikuwa ugomvi wa ndugu juu ya kiti, si vita vya ukombozi. Na haukufaulu: Waingereza walimsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay. Lakini angalia mwisho wake. Barghash alikuja kuwa Sultani mwaka 1870. Salme wakati huo alikuwa anaishi Ujerumani na anaitwa Emily Ruete. Mwaka 1885 alirudi Unguja, na kaka aliyemwandikia barua za hatari akiwa mtoto hakukubali kumpokea. Ana sababu zake, dada alikuwa amepatana na Majid, kisha akabadili dini. Hata hivyo mimi naona ni ile ile: kazi yake ilihitajika, yeye mwenyewe hakuhitajika. Tofauti ni kwamba Salme alijua kuandika. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake, na ndiyo maana tunajua.

Hapa lazima niseme kitu kigumu, kwa sababu posti za "malkia wetu mashujaa" ni rahisi sana kuandika na mimi sitaki kuandika moja zaidi.

Nguo na dharau ni silaha, na silaha haina upande. Wareno walipozingirwa na Waomani ndani ya Fort Jesus, 1696 mpaka 1698, Malkia Fatuma wa Unguja aliwapelekea Wareno chakula. Kwa Waomani huyo alikuwa adui, na wakamchukua uhamishoni Maskati. Kwa watu wake alikuwa mtawala anayechagua upande kama wafalme wote. Na katika Hali ya Hatari, serikali pia ilikuwa na wanawake wake waliosikiliza visimani na sokoni, kisha wakaenda kusema kwa homugadi.

Halafu kuna Algiers. Mji wa zamani wa huko, Casbah, ungekupotezea njia kama Mji wa Kale unavyompotezea mgeni: vichochoro, ngazi, milango inayotazamana. Wanawake wa Kialgeria walipitisha silaha chini ya mitandio yao mbele ya wanajeshi wa Ufaransa. Wanajeshi walipoanza kushuku mitandio, wasichana watatu wakaivua, wakavaa kama Wafaransa, na tarehe 30 Septemba 1956 wakapeleka mabomu mjini. Mawili yalilipuka kwenye Milk Bar na Cafeteria. Waliouawa na kujeruhiwa ni raia waliokwenda kula aiskrimu na kucheza muziki. Ufaransa ilikuwa inawatesa na kuwaua Waalgeria, hilo halina ubishi. Na bado wale wa kwenye aiskrimu hawakuwa wanajeshi. Yote mawili ni kweli, na mtu anayekusimulia moja tu anataka kitu kutoka kwako.

Naliweka hili wazi kwa sababu ya Mombasa. Tarehe 11 Septemba 2016, wanawake watatu wenye mabuibui waliingia kituo cha polisi cha Central, hapa hapa kisiwani, wakawashambulia polisi, wakauawa. Tangu hapo sisi wengine tunaulipa ushuru ule kila siku. Najua lile jicho la mlinzi mlangoni linavyoanzia kwenye buibui kabla ya kufika kwenye mkoba. Nguo iliyomfanya bibi yangu asionekane, mimi inanifanya nionekane kupita kiasi.

Na nawajua wanaotumia stori za mashujaa kuwatafuta wasichana. Wanaanza taratibu: umedharauliwa, hakuna anayekuona, sisi tunakuona, tuna kazi ya siri kwa ajili yako. Maneno yanafanana kabisa na ya Wambui. Basi mtu anatofautisha vipi?

Jibu langu mimi ni maswali matatu. Anayekutuma yuko wapi wakati wewe unaingia? Wambui alikuwa katikati ya watu wake, akiishi hatari ile ile. Anayekutuma kwa simu kutoka mbali ana usalama wake. Pili, watu unaosema unawapigania, wanakuunga mkono au wanakukimbia? Muthoni alilishwa na vijiji. Tatu, mpango una nafasi ya wewe kurudi nyumbani? Harakati inayokuhitaji uishi ili kesho ulete habari nyingine inakuona wewe ni mtu. Inayokuhitaji ufe leo inakuona ni kiti, kama yule memsabu tu.

Ndiyo maana sipendi historia hii iachwe tupu. Tukiwanyamazia kina Wambui, nafasi ile haibaki wazi, inajazwa na mtu mwenye ajenda yake.

Na kimya hiki si bahati mbaya tu, kina utaratibu. Mwaka 1942, Wajapani walipoushambulia mji wa Colombo, Waingereza walihamishia kituo chao cha kuvunja kodi za siri Kilindini, wakakaa katika shule ya Allidina Visram. Ndiyo, hiyo hiyo ya hapa kisiwani. Kutoka darasani pale walivunja kodi ya meli za biashara za Kijapani, na wanawake wa jeshi la majini, Wrens, walikuwa sehemu ya kazi hiyo. Nao waliapishwa kunyamaza miaka mingi. Lakini siri zao zilitunzwa kwenye makabati, na makabati yalipofunguliwa vitabu vikaandikwa. Jasusi wa dola ana faili la utumishi. Jasusi wa ukombozi ana faili moja tu, la polisi aliyemkamata. Na kama alikuwa hodari hakukamatwa, hana faili kabisa.

Faili lake ni mdomo. Na midomo hiyo inazeeka. Aliyekuwa na miaka kumi na tano mwaka 1952 leo amepita themanini na tano.

Inawezekana kuifanya kazi hii, na Mombasa tayari ilishafanyika. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikaa na wanawake watatu wa mji huu, wakawarekodi wakisimulia maisha yao kwa Kiswahili, na mwaka 1989 kikatoka kitabu cha maisha yao. Utumwa, ndoa, lelemama, siasa za mtaa, yote kwa sauti yao. Hawakuhitaji mnara. Walihitaji mtu wa kukaa chini na kurekodi.

Wewe una simu mfukoni yenye uwezo kuliko mashine waliyotumia wao. Kwa hivyo wikendi hii nenda kwa nyanya, au bibi wa jirani, au mama yeyote mkongwe aliyekuja Mombasa kutoka bara au kutoka vijijini Kilifi. Mwamkie, shikamoo yako iwe ya kweli, usianze na kamera usoni. Omba ruhusa ya kurekodi, na akikataa, sikiliza tu.

Usimuulize, "Ulikuwa shujaa?" Atasema hapana, wote wanasema hapana. Muulize alikuwa anafanya kazi nyumba ya nani. Muulize nani alikuwa anakuja usiku kula na kuondoka kabla ya alfajiri. Muulize barua zilikuwa zinapitia mikono ya nani. Muulize kulikuwa na kitu gani ambacho mama yake alimwambia asimwambie mtu.

Kisha nyamaza, umwache ajibu kwa wakati wake.